Jiwe la Kusagia Dilka

Kambini, kaskazini mwa Malindi
3 Februari 2025

Mama Hadia,

Habari ya Makina? Najua ukiona bahasha utasema huyu mtoto ana simu na bado anaandika barua. Lakini ni wewe uliyeniambia siku naondoka kwamba kuta za ploti ni mabati, mtu akikupigia simu jirani wa tatu ndiye anajibu. Nimetii. Barua nitampa dereva wa basi, na mwanao Riyadh ataenda kuichukua kwa ofisi yao pale mjini. Mwambie asiifungue. Namjua.

Kazi ni jua na vumbi. Tunachimba mahali Wareno walitua zamani sana, kama miaka mia tano iliyopita, wakajenga nyumba ndogo na ghala. Ukuta uliobaki ni wa kufika gotini. Ndani yake tunapata vipande vya sahani za Kichina, shanga, misumari iliyoliwa na kutu, na mifupa ya mbuzi mingi ajabu. Hao watu walikula.

Sasa sikiza. Alhamisi nilikuwa nafagia udongo pembeni nikapata jiwe mviringo, ukubwa wa chungwa kubwa, la kijivu lenye chembe zinazometa. Nilivyolishika tu, mkono ukajua. Nikaandika juu ya mfuko, "jiwe la kusagia dilka." Wenzangu wakasoma, wakauliza dilka ni mdudu gani. Nikaanza kuwaeleza: ile ya kumsugua bibi arusi wa Kinubi mwili mzima, unga wa mtama na msandali na karafuu, unasagwa, unatiwa mafuta, unafukizwa moshi hadi nyumba nzima inanukia. Gerishon, mkuu wetu, alicheka hadi akakaa chini. Aliponyamaza akasema, "Audrey, hiyo ni risasi ya mzinga."

Kumbe Wareno walikuwa wanachonga mawe mviringo, wanayatia kwa mizinga midogo ya meli, wanapiga kuta na watu. Tangu hiyo siku kambini naitwa Bibi Arusi. Hata mpishi ananiita hivyo.

Lakini Mama Hadia, mimi nakataa kwamba nilikosea kabisa. Nimelelewa mlangoni kwako, nimeona jiwe lako likisaga tangu sijajua kusoma, na hili ni pacha wake. Gerishon anasema si jiwe la pwani. Huku mawe ni matumbawe, meupe na mepesi. Hili lilibebwa na meli kutoka kwao. Basi lako lilifikaje Kibera? Sijalala nikiwaza hii kitu.

Tafadhali lizungushe uzi mahali limenenepa, unitumie huo uzi. Halafu Riyadh alipeleke buchari, walipime kwa mizani. Wakimcheka avumilie, mimi pia nachekwa.

Wako,
Audrey Nthenya


Makina, Kibera
12 Februari 2025

Audrey mwanangu,

Barua imefika, na Riyadh aliifungua. Tumesalimika. Mamako ni mzima, juzi aliniletea muthokoi, nikampa mandazi. Paa la choo limerekebishwa hatimaye.

Umeniuliza jiwe lilitoka wapi, nitakwambia ninavyojua. Fadul, baba wa babu yangu, alikuwa askari wa Mwingereza. Kabla hawajapewa huku Kibera alikaa kambi za pwani, na mkewe alikuwa naye. Habuba, bibi yetu huyo, alikuwa anataka kusaga dilka ya binti yake na hakuwa na jiwe. Akatembea ufukoni akaliona moja limejaa mkononi vizuri, akaliokota. Ni hayo tu. Kwetu halikuwa na hadithi ya meli wala mzinga. Tulisema habuba alipewa na bahari. Limesaga dilka ya bibi arusi wote wa ukoo, na upande mmoja limelika likawa bapa.

Mambo ya buchari tuyaache kwanza. Ile ya hapa chini imefungwa, na uzi wangu wote ni mfupi mfupi, na Riyadh siku hizi hapatikani.

Haya, nisikuzungushe. Jiwe sina.

Lilienda na Hadia alipoolewa. Ndiyo desturi ya ukoo wetu: bibi arusi huenda na jiwe, na arobaini ikiisha, mama mkwe wake analibeba mwenyewe, anamrudishia mama wa binti. Hapo anakuwa amesema binti yenu tumempokea, ni wetu. Jiwe lisiporudi, mama wa binti haweki mguu katika nyumba ile. Mimi mamangu alifuata hivyo, na mamake alifuata hivyo.

Magdaline, mama mkwe wake, hajalileta. Mwaka wa tatu huu. Mwanawe Billy alisilimu, tukamfungisha ndoa vizuri, sikumdai chochote cha ajabu. Mwanzo Hadia alikuwa anakuja na mtoto, namuuliza jiwe liko wapi, ananipa maneno. Kisha akaacha kuja. Simu hashiki. Kawangware anakokaa si Sudan, Audrey. Nikiamua ni miguu yangu tu na nimefika kabla ya adhuhuri. Lakini nitaingiaje kwa mtu ambaye hajasema amempokea mwanangu? Mjukuu wangu anakua na simjui. Nimeumia, na wewe nakwambia kwa sababu umetoka humu humu ndani.

Kama unalitaka hilo jiwe, muulize Hadia. Wewe pengine atakujibu.

Mimi,
Kaltuma


Kambini
17 Februari 2025

Niaje Hadia,

Usishtuke, si mkopo nataka. Niko Malindi nachimba, nimeungua jua hadi natoka ngozi. Nakutumia hii kwa anwani ya duka la mathe wa Billy.

Kuna kitu kinanikosesha usingizi. Tumepata huku risasi ya mzinga ya Wareno, ya mawe, na manze ni ile ile ya kwenu ya dilka. Umbo, rangi, kila kitu. Mamako anasema jiwe liko kwako. Nifanyie kitu kimoja: liweke juu ya karatasi, lizungushe kalamu, unitumie mchoro. Dakika moja tu. Nikipata kipimo kikilingana, nitakuwa nimejua kitu ambacho hakuna mtu mwingine anajua Kenya hii nzima.

Na mamako, Hadia. Sitaki kuingilia. Lakini barua yake ilinifanya niweke kalamu chini kwanza.

Audrey


Kawangware
25 Februari 2025

Audrey,

Wueh, kumbe uko hai! Nimefurahi vibaya. Hanan ameanza kuongea, anaongea hadi usingizini. Billy bado anaendesha bodaboda, steji yake ni Riruta Satellite. Mimi nashinda dukani na Magdaline, tuko poa.

Mchoro wako huu hapa. Jiwe liko sawa, nimelihifadhi kwa kabati. Ukitaka kingine sema.

Mama mwambie nitakuja. Mambo yamekuwa mengi tu.

Hadia


Kambini
2 Machi 2025

Hadia wewe,

Nimeweka mchoro wako mezani, nimeweka risasi yetu juu yake, haitoshei hata kidogo. Nikasikitika. Halafu nikaangalia vizuri nikaanza kucheka peke yangu.

Hili duara halina kosa. Hakuna mahali kalamu imeyumba, na ni mviringo pande zote. Jiwe la kwenu limelika upande mmoja, wewe unajua, ndiyo maana lilikuwa linakaa mezani bila kubingirika. Tulikuwa tunaligombania nani alishike. Kile umezungusha kalamu ni bilauri. Pengine zile za bluu za Magdaline.

Kazi yangu siku hizi ni kuangalia kitu na kujua kama kinanidanganya, dada. Hicho ndicho wananifundisha huku.

Sijakasirika. Lakini sasa swali langu limebadilika. Sikuulizi tena jiwe ni kubwa kiasi gani. Nauliza liko wapi.

Audrey


Kawangware
10 Machi 2025

Audrey,

Ni kikombe cha Hanan, si bilauri. Umekosea hapo.

Sina jiwe. Na sijui liko wapi.

Nilikuja nalo hapa limefungwa kwa kanga. Unakumbuka vile lilikuwa linanukia, moshi na mafuta ya miaka yote hiyo. Niliona Magdaline akilitazama. Yeye ni mtu wa kanisa, wa maombi ya Jumatano na kufunga na kila kitu. Mwanawe alikuwa ametoka tu kusilimu, mama hajapona na hilo, halafu mke analeta nyumbani jiwe lenye mafuta amelifunga kwa kitambaa. Nilitaka kumweleza, nikaona aibu, nikasema kesho. Wiki haikuisha. Nilitoka kufua, kurudi, jiwe hakuna. Nikauliza. Akaniambia, "Nimelitupa, na usiniulize tena."

Sikuuliza tena. Tulikuwa tunalala kwa chumba cha mbele cha duka lake, hata chetu kilikuwa hakijajengwa. Na Audrey, huyu mama si mbaya. Nilipojifungua vibaya aliacha duka limefungwa akakaa na mimi hospitali, akalala kwa sakafu. Nitagombana naye juu ya jiwe kweli?

Kwa hivyo nikamdanganya Mama. Mara liko kwa kabati, mara Magdaline anaumwa mguu atakuja mwezi ujao. Kila nikienda Makina swali ni moja. Uongo ukaniishia, nikaacha kwenda. Akipiga simu natazama jina lake hadi inakatika. Sasa ni Ramadhani, najua anafuturu peke yake na Riyadh, na nalia jikoni nikikata vitunguu ili Billy asiulize.

Nimwambie nini? Kwamba jiwe la habuba lilitupwa kwa takataka Kawangware?

Hadia


Kambini
14 Machi 2025

Hadia,

Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Anafikiri wamekukataa. Anafikiri mmemdharau. Yeye hajui kabisa kwamba Magdaline hakuambiwa desturi. Mimi sitamwambia, si yangu kusema, lakini nikirudi Kibera nikamkuta bado anangoja, sitaweza kumtazama.

Na muulize Magdaline alilitupa wapi. Huku tunachimba takataka za watu waliokufa zamani na tunapata hadi miba ya samaki. Kitu kikitupwa hakiendi mbali.

Audrey


Kawangware
17 Machi 2025

Mama,

Ramadhani karim. Naandika kwa sababu nikikupigia nitalia na hutasikia kitu.

Jiwe halirudi kwa sababu mama yake Billy aliliondoa wiki ya kwanza. Aliogopa, alifikiri ni dawa. Sikuwa nimemwambia desturi. Hajui mpaka leo kwamba alitakiwa alilete. Hakuna aliyekudharau. Mimi ndiye nilinyamaza, na nikazidi kunyamaza.

Nimemsomea hii barua kabla ya kuituma. Alitoka nje akaanza kufagia.

Nisamehe Mama.

Hadia wako


Kawangware
20 Machi 2025

Mama Hadia,

Bwana asifiwe. Mimi ni Magdaline, mama yake Billy. Hatujawahi kuandikiana na Kiswahili changu ni cha Kisumu, utanivumilia.

Hadia alinisomea barua yake. Yeye alilia, mimi sikulia. Ni mimi nililiondoa jiwe na sitasema nilikuwa mjinga. Jiweke mahali pangu. Mtoto wangu wa kwanza anabadilisha dini, nanyamaza. Anabadilisha jina, nanyamaza. Halafu linaingia jiwe linanuka moshi, limefungwa kwa kitambaa, hakuna mtu ananiambia ni la nini. Ulitaka nifikiri nini? Kwetu kitu kama hicho hakiletwi nyumbani kwa mtu kwa wema.

Ningeambiwa desturi yenu siku ya kwanza, ningekuletea jiwe lako na kuku juu yake. Mimi ni mtu wa heshima. Nimekaa miaka hii yote nikijiuliza mbona mama ya huyu msichana hanitembelei. Nilifikiri wewe ndiye unatudharau, sisi watu wa kiduka cha Kawangware, na wewe una ploti yako.

Sasa nisikize. Sikulitupa. Nilimwambia Hadia nimelitupa ili asilitafute. Niliogopa kulitupa, nani anajua kitu kama hicho kitaokotwa na nani. Tulipowajengea chumba chao huku nyuma, nilimpa fundi Kihara alitie chini kabisa ya msingi, kwenye kona. Dada wa maombi walikuja, tukaomba, simiti ikamiminwa. Niliwaza, kama limekuja kumfunga mwanangu, acha lifungwe lenyewe. Kitanda chao kiko juu yake.

Nyumba ni yangu na nimeamua ivunjwe. Idi yenu ikiisha uje Jumatano, Kihara atakuwa hapa na nyundo. Utachukua jiwe lako mbele ya macho yako, usije ukasema limebadilishwa.

Magdaline Osewe


Kawangware
4 Aprili 2025

Audrey mwanangu,

Soma tena pale juu. Ndiyo, Kawangware. Naandika kwenye kaunta ya duka la Magdaline, na yeye ananichungulia kwa bega, anadhani namsema. Hadia anasema amekuandikia yote, kwa hivyo sirudii ya msingi na simiti.

Barua ya Magdaline nilikaa nayo siku zilizobaki za mfungo. Kwanza nilikasirika, nikamsomea Riyadh kwa sauti, ploti nzima ikasikia, basi. Nilivyoisoma mara ya pili hasira ikapungua. Yule mama alikuwa ananingoja mimi, na mimi nilikuwa namngoja yeye.

Halafu nikaanza kuwaza hilo neno lako, risasi. Nilitoa lile jiwe la chini, sahani tunayosagia, ambalo halijatoka nyumbani. Lina shimo katikati, limechimbwa na jiwe la habuba kwa kusaga tu. Nikaweka kiganja humo. Nikasema, kumbe kitu kilichochimba humu kililetwa kuvunja nyumba za watu. Mtu alikaa akakichonga akijua hivyo. Na habuba, asiyejua lolote, akaona kinajaa mkononi, akakipa kazi ya kuwanukisha wasichana. Hakumuuliza Mreno ruhusa. Ile kanuni ya kurudisha jiwe nayo aliitunga yeye, au binti yake, mtu tu kama mimi. Nilikesha na hilo wazo kama wewe huko kambini, na nikaliona linaingia akilini.

Jumatano nikaenda kwa miguu. Nilimkuta Magdaline amevaa aproni, kitanda kiko nje, godoro liko juu ya kamba, sufuria zote zimepangwa uani. Kihara ameegemea nyundo. Hadia alinishika miguu, nikamwinua. Mtoto alikuwa amekaa ndani ya beseni tupu. Alinitazama, kisha akamuuliza mamake, "Huyu ni nani?"

Audrey, jiwe lilinitoka akilini hapo hapo. Mtoto wa tumbo la mwanangu ananiuliza mimi ni nani, na mimi nilikuwa naishi ng'ambo tu hapo, nangoja kitu cha kusagia.

Niliomba niingie chumbani kwanza. Ni chumba safi. Kuna pazia, kuna picha ya harusi, kuna mkeka wa kuswalia umekunjwa vizuri, na Hadia ananiambia Magdaline ndiye aliununua sokoni Gikomba, alijua Billy hana. Kihara akainua nyundo akaniuliza aanzie wapi.

Nikasema, "Rudisheni kitanda."

Magdaline alinikasirikia sana. Alisema ameamka alfajiri kuhamisha vitu, ameshamwita fundi, mimi ni mtu gani wa kubadilika badilika. Nikamwambia kwetu jiwe likirudi linakuja kutuambia binti amepokewa. Mimi nimeingia na macho yangu, nimeona amepokewa, sasa jiwe lije kuniambia nini tena? Magdaline akamtuma Kihara maziwa, maana fundi ameshakuja na hawezi kukaa bure. Nilivyotazama tena alikuwa anajifuta uso na aproni, anasema ni vumbi, na hakuna ukuta uliovunjwa.

Najua wewe utaumia. Ulitaka kulishika. Nimekuwekea ndani ya bahasha uzi, nimeuzungusha ndani ya lile shimo la sahani kabla sijatoka Makina. Weka risasi yenu hapo uone. Kama inatoshea, utajua. Kama haitoshei vizuri, kumbuka limesaga dilka ya bibi arusi wengi, na wewe mwenyewe ulimwambia Hadia kazi yenu ni kuangalia kitu na kujua kama kinadanganya. Na umwambie Gerishon wenu aliandike kwenye karatasi zake kwamba lipo Kawangware, chini ya nyumba ya Magdaline Osewe, na lina wenyewe. Akitaka kuliona aje abishe hodi kama watu, atapewa chai.

Magdaline anauliza mtu akichimba hapa miaka mia tano ijayo atasema nini. Nimemwambia ataandika kwamba Wareno walifika Kawangware na mizinga, wakapiga vita kali, wakashindwa. Alicheka hadi wateja wakageuka. Sijawahi kumsikia akicheka, na nimegundua nampenda huyu mwanamke, ingawa chai yake ni maji.

Hadia ananiuliza narudi Makina lini. Riyadh anasema anakula mkate mkavu. Hanan bado hajanizoea, jana usiku alilala akiwa amenipa mgongo. Asubuhi hii alikuja na kikombe chake, akasimama mbele yangu kitambo, halafu akakaa mapajani mwangu. Yuko hapa sasa ninapoandika. Mkono wangu umekufa ganzi na siusogezi.

Kaltuma